Jibu: Leza kwa picha ya zamani ya rangi za mafuta

Mkuu, umeuliza kama leza inaweza kutoa vanishi iliyogeuka njano bila kuunguza rangi ya chini. Inawezekana, ila sio leza yoyote tu. Ile aina ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 1064, wanayosafishia mawe na sanamu usiisogeze kabisa kwenye picha ya mafuta, rangi nyekundu ya zebaki inaweza kugeuka nyeusi na nyeupe ya madini ya risasi nayo inaharibika, yani picha inapoteza sura yake. Wataalamu hutumia leza aina ya Er:YAG ya nanomita 2940 maana nguvu yake inaishia juu juu kwenye vanishi, au leza ya eksima (ya mwanga wa urujuanimno) ya nanomita 248, wanapunguza vanishi kidogokidogo na kuacha utando wake mwembamba ulinde rangi. Tena wanajaribu kwanza pembeni. Usiiguse mwenyewe aisee, mpelekee mtaalamu.