Kabla hujaandika "mwenyeji wa..." kwenye wasifu wa marehemu

Mtaani kwetu Korogwe, msiba ukitokea, mimi ndiye ninayeitwa kuandika wasifu wa marehemu. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na kosa lililoniuma kuliko yote lilitokana na neno moja: mwenyeji.

Marehemu alikuwa mzee wa Kiha. Aliletwa Tanga akiwa kijana, enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, kukata mkonge. Mkataba ulipokwisha hakurudi. Akaoa hapa, akajenga, na vijana wa Kigoma waliokuja nyuma yake walifikia kwake. Basi nikaandika: "Marehemu alikuwa mwenyeji wa Korogwe." Nikamsomea mdogo wake aliyeingia alfajiri kutoka Kasulu, Kigoma. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo kaka yangu hakuwa na kwao?" Nikakimbilia kufuta. Mjane, pale mkekani, akanizuia: "Mwanangu, kwani hapa si kwake?"

Sikuwa na jibu kwa yeyote kati yao, kwa sababu wote wawili walisema kweli. Abiria mwenzio akikuuliza "Wewe mwenyeji wa wapi?" anataka kujua asili yako, kule walikozikwa babu zako, hata kama hujawahi kulala huko usiku mmoja. Lakini ukimwuliza mtu njia akakujibu "Samahani, mimi si mwenyeji hapa", hazungumzii babu yake. Anasema hapajui. Aliyehamia mwaka juzi, akishazijua njia, maduka na majirani, husema bila kusita "sasa mimi mwenyeji". Tena mwenyeji ni yule anayempokea mgeni. Ndiyo maana tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee wetu alikuwa mwenyeji wa Kasulu kwa asili na mwenyeji wa Korogwe kwa maisha yake. Mimi nilimpa sehemu moja tu.

Tangu siku ile, neno hilo siliandiki kabla sijawauliza ndugu mambo matatu: alizaliwa wapi, kwao ni wapi, na aliishi wapi. Mara nyingi majibu hayafanani. Mzaliwa wa mahali ni aliyezaliwa pale, basi. Mama akipewa rufaa akajifungulia Muhimbili, mtoto ni mzaliwa wa Dar es Salaam hata kama alirudishwa Handeni akiwa na wiki mbili. Mkazi ni suala la unakokaa sasa, na barua ya serikali ya mtaa inatosha kulithibitisha. Ukihama, ukazi unahama nawe. Zanzibar wameliingiza neno hili kwenye jina la kitambulisho chenyewe, Mzanzibari Mkaazi, kwa "a" mbili, kwa hiyo ukiandikia familia ya huko usiwapunguzie herufi.

Mzawa sikushauri uliweke kwenye wasifu. Ni neno linalosimama vizuri pale tu penye mgeni wa kulinganishwa naye: mchezaji mzawa na mchezaji wa kigeni, mkandarasi mzawa na kampuni ya nje. Msibani linasikika kama unamtetea marehemu dhidi ya mtu. Na mzalia, ingawa linafanana na mzaliwa, lina historia yake pwani: waliitwa hivyo watumwa waliozaliwa huku huku. Wazee wapo wanaolikumbuka. Liepuke.

Neno la kuogopa zaidi ni raia, maana hilo halitolewi na ukoo wala majirani, linatolewa na sheria. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakalima, wakazaa, watoto wao wakazaa. Kijana wa Ulyankulu alikuwa mzaliwa wa pale, mkazi wa pale, na ukipotea njia yeye ndiye mwenyeji wa kukuelekeza. Uraia haukuwa wake. Mwaka 2014 ndipo watu takriban 162,000 kati yao walipopewa uraia wa Tanzania kwa tajnisi, yaani ule anaopewa kisheria mtu asiyekuwa raia. Kwa hiyo ukiandika habari za mtu wa namna hiyo, usiseme "raia" kwa kukisia, na usimnyime "mwenyeji" kwa sababu ya karatasi.

Wasifu wa yule mzee niliuandika upya palepale, daftari gotini, mdogo wake upande huu na mjane upande ule. Sentensi ya mwanzo ilituchukua karibu nusu saa. Tukasoma makaburini: "Marehemu alizaliwa Kasulu, ambako ndiko kwao. Alikuja Korogwe kukata mkonge akiwa kijana, akawa mkazi, kisha akawa mwenyeji, na wengi tuliopo hapa yeye ndiye aliyetupokea." Mdogo wake ndiye aliyeomba niongeze hayo maneno ya mwisho.