Kukunja flatibaa ya milimita 10 kwa ajili ya braketi: niliyojifunza nikiwa Moshi

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kukunja flatibaa, yaani chuma bapa, yenye upana wa milimita 50 na unene wa milimita 10 ili upate braketi nne za rafu, nawe una jiliwa (kibanio cha mezani) la inchi 4, nyundo na mkaa tu. Wengi wamekushauri uikate kwa grenda hadi nusu ya unene, uikunje, kisha uchomelee. Njia hiyo naijua na nimeitumia kwenye grili za madirisha, lakini kwa braketi ya kubeba mzigo siipendi, kwa sababu uzito wa rafu huishia kwenye kona ileile uliyoipunguza, na usipojaza mkato hadi chini unapochomelea, unabaki na milimita 5 za chuma zilizofunikwa ganda zuri la kudanganya macho.

Mimi nilianza kwa kukikunja chuma kikiwa baridi. Karakana yangu ni kibanda cha bati nyuma ya nyumba, Majengo, na siku hiyo nilikuwa nimeshakata vipande vyote kwa urefu kamili, nikabana cha kwanza kwenye jiliwa na kukipiga kwa nyundo ya kilo 5. Pigo la sita au la saba, taya la jiliwa likapasuka. Ndani ya mpasuko palikuwa na rangi ya kijivu na chembechembe kama chumvi ya mawe, ndipo nikakumbuka kwamba majiliwa mengi ya bei nafuu ni ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambacho huvumilia kubanwa lakini hakivumilii kugongwa. Flatibaa yenyewe ilikuwa imeinama kidogo tu, tena kwa upinde mrefu kama mgongo wa ndizi.

Kosa langu halikuwa udhaifu wa mikono. Nguvu ya kukunja huongezeka kwa mraba wa unene, kwa hiyo ukitoka milimita 5 kwenda 10 unahitaji nguvu mara nne, si mara mbili. Kwa chuma laini cha kawaida cha vipimo vyako, ukivuta ukiwa umeshika mita moja kutoka kwenye mkunjo, hesabu inatoa takriban kilo 32. Ukishika sentimita 15 tu, ambao ndio urefu wa mguu mfupi wa braketi, zinakuwa zaidi ya kilo 200. Kwa hiyo usikate kwanza. Flatibaa huuzwa kwa urefu wa mita 6; kata kipande cha mita moja na nusu, bana ncha yake kwenye jiliwa, utumie sehemu ndefu kama wenzo, na ukate braketi baada ya kukunja. Kipande cha mwisho kitakapokuwa kifupi, kivalishe bomba la mraba.

Hata hivyo, kwa jiliwa la inchi 4 nisingekikunja baridi kabisa. Kipashe moto. Kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, rangi ya chungwa iliyoiva, chuma laini hubaki na chini ya sehemu ya kumi ya nguvu zake, na hapo utavuta kwa mkono bila kugombana nacho. Tanuri langu ni rimu ya gari ya chuma niliyoikandika udongo ndani, yenye bomba la chuma linaloleta upepo kutoka kwenye mashine ya kukaushia nywele. Usitumie rimu ya aloi, kwani alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Usifunge mlango pia, hata kama baridi ya Julai inakuuma, maana gesi ya mkaa huua bila harufu. Na kama chuma kimepakwa zinki, kiache. Moshi wake mweupe utakulaza na homa usiku huohuo.

Mzee mmoja mhunzi wa Mamba, ambako Wachagga wamefua chuma tangu enzi za mivukuto ya ngozi, ndiye aliyenifundisha kusubiri. Nilikuwa nafanya kazi nje saa sita mchana, na kila nilipochomoa chuma alisema, "Bado, mwanangu, rudisha." Juani wekundu hauonekani vizuri, nilipohamia chini ya paa niliona kwamba nilikuwa nakitoa kikiwa chekundu cha damu ya mzee, kisha nakilazimisha. Kikianza kurusha cheche kama fataki, ujue umepitiliza na kinaungua. Alinionyesha pia kutumia kopo lenye tundu kumwagia maji pande zote mbili za sehemu iliyoiva, ili ibaki kama sentimita 5 tu, na mkunjo ukae pale unapoutaka. Hilo ni la chuma laini pekee. Chuma cha springi kutoka skrepa kikimwagiwa maji huwa kigumu na kuvunjika. Ukishaona wekundu umekwisha, acha kupiga, rudisha motoni, kwa kuwa kati ya nyuzi 200 na 300 chuma huvunjika kwa urahisi zaidi kuliko kikiwa baridi.

Kati ya taya na flatibaa, upande wa kukunjia, weka kipande cha chuma kinene chenye ukingo uliozungushwa kwa grenda hadi nusu kipenyo cha milimita 10, maana ukingo mkali huikata kona kwa ndani. Vuta kwanza, kisha malizia kwa nyundo karibu na kona. Ukipiga nchani, mguu wenyewe utapinda. Kwa nyuzi 90, mguu wa nje wa milimita 150 unataka mkunjo uanze milimita 130 kutoka nchani, kwa sababu unene na mviringo vinachukua 20. Braketi ya 150 kwa 200 hula milimita 332 za chuma, si 350. Chaki huungua motoni, kwa hiyo weka alama kwa senta panchi (msumari mgumu wa kugongea nukta), tena kwenye ukingo wa pembeni, kwani nukta iliyo upande unaovutika inaweza kuanzisha ufa.

Matundu toboa baada ya kukunja, angalau sentimita 4 kutoka mkunjo unapoishia. Kingo za ndani ya kona zitavimba kidogo kwa pembeni. Zigonge zikiwa bado za moto, au zisawazishe kwa tupa.

Braketi yangu ya kwanza iliyofaulu niliianzisha mkunjo kwenye 150 kamili, ikatoka na mguu wa 170. Hiyo niliifunga nyuma ya mlango, na sasa inashikilia mpira wa kumwagilia migomba.