Madoa yasikudanganye: kwa mnaotaka kuelezea spishi mpya

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya wadudu hapa Arusha, kila msimu wa mvua napokea picha kwenye simu na ujumbe ule ule: "Kaka, huyu hayumo kabisa, atakuwa mpya." Kwenye picha yupo mbawakawa mdogo wa duara, mgongo kama nusu ya punje ya kunde, ana madoadoa. Ni wa familia ya Coccinellidae, ambayo ina spishi takriban 6,000 zilizokwisha kupewa majina, na kwetu Afrika bado wapo wasio na jina. Kwa hiyo huenda una haki ya kufurahi. Ila kwanza nikusimulie wa kwangu.

Nilimpata Kibosho, juu ya Moshi, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mama mmoja, chini ya jani la kahawa lililojaa vidukari. Alikuwa wa manjano mpauko, hana doa hata moja, anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Nikamtia kwenye kichupa, nikapanda daladala huku jina lake nimeshalipanga kichwani. Asubuhi nilipofungua kichupa mgongo ulikuwa mweusi wenye mabaka mekundu: Cheilomenes lunata, mdudu wa kila bustani ya mboga. Nilikuwa nimemchukua muda mfupi tu baada ya kutoka kwenye pupa. Wakitoka huwa laini na wamepauka, na rangi hujitokeza kadiri ganda linavyokauka. Ukimpata asiye na madoa, mwache hai siku mbili, mpe vidukari ale, ndipo umtazame tena.

Hata aliyekomaa anaweza kukupoteza. Harmonia axyridis wa Asia, aliyesambaa sehemu nyingi za dunia, huonekana wa rangi ya chungwa mwenye madoa mengi, au asiye na doa, au mweusi mwenye madoa mawili mekundu. Wote ni spishi moja. Ndiyo maana mdudu mmoja hatoshi. Kusanya wengi, madume na majike, kutoka mti mmoja na miti ya jirani.

Ushahidi wenyewe uko tumboni mwa dume. Hapa msiwe na haraka, maana ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Mloweshe mdudu mkavu kwenye maji ya uvuguvugu mpaka alainike, tenganisha tumbo kwa pini nyembamba, litie kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, kisha pasha polepole. Nyama huyeyuka, vinabaki vipande vigumu vya rangi ya kahawia. Suuza, hamishia kwenye tone la gliserini, weka chini ya hadubini. Utaona mrija mwembamba uliopinda kama ndoana, unaitwa sifo, na umbo la ncha yake mara nyingi ndilo linalotenganisha spishi mbili ambazo kwa nje ni pacha. Kwa wale wadogo wa jenasi ya Scymnus, wa milimita mbili hivi, kahawia na wenye vinyweleo, bila kufanya hivi mara nyingi unabahatisha tu. Ukimaliza, vipande viweke kwenye kichupa kidogo chenye gliserini, ukichome kwenye pini ile ile ya mdudu wake. Tumbo likitengana na mwenyewe, limepotea.

Kisha uliza: nani alipita hapa kabla yangu? Msafara wa Waswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na mkusanyiko wake uko Stockholm. Vielelezo vingine, yaani wadudu waliohifadhiwa, vya zama za Wajerumani viko Berlin. Maelezo mengi ya wakati ule ni mafupi, kwa Kijerumani au Kilatini, yakitaja rangi na ukubwa, basi. Hayakutoshi. Mwandikie mtunzaji wa makumbusho, mwombe picha ya kielelezo chenyewe, na mtajie sehemu unayotaka kuiona. Jina la zamani lililotolewa kihalali ndilo lenye nguvu, na hesabu ya majina ya wanyama inaanzia mwaka 1758.

Kanuni za majina zisomeni wenyewe. Tangu mwaka 2000 lazima utaje waziwazi kielelezo kitakachobeba jina, yaani holotaipu, na mkusanyiko kitakakohifadhiwa. Ukichapisha kwa njia ya intaneti peke yake, kazi isajiliwe kwanza ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Vibali vya utafiti navyo, vya COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania), vianze kabla ya safari.

Lebo iandikwe siku ile ile: kijiji, tarehe, mwinuko, mmea, na alichokuwa anakula. Kwenye mlima wetu kilomita chache zinakuhamisha kutoka mahindi hadi migomba hadi msitu, kwa hiyo neno "Moshi" peke yake halimsaidii mtu.

Na mwenye shamba msikilizeni. Yule mama wa Kibosho aliniambia, "Mwanangu, hawa wakubwa hawakai penye sisimizi. Wanaokaa ni wale wadogo." Nikamwonyesha tawi lenye sisimizi, nikamwambia hapa naona vidung'ata tu, vile vyeupe vya pamba. Akacheka, akaniambia niguse kimoja. Nikakigusa kwa ncha ya brashi. Kile kipande cha pamba kikainua kichwa, kikatoka mbio kwa miguu sita kuelekea kwenye vidung'ata wenzake, kikaanza kula. Alikuwa buu wa mbawakawa aliyejivika nta. Nilimkusanya pamoja na wenzake, nikawalea mpaka wakakomaa, ndipo nikapata madume ya kupasua.