Umbali wa ubao wa kuongozea ruta
Ruta ni mashine ya mkono inayokata mbao kwa kisu kinachozunguka. Ikiwa kitako chake (bamba la chini la duara) kina kipenyo cha milimita 150 na kisu 12, umbali kutoka ubao unaoiongoza hadi ukingo wa mkato ulio karibu na ubao huo ni milimita 69, si 75. Chukua nusu ya kipenyo cha kitako cha ruta (150), toa nusu ya kipenyo cha kisu (12). Ila kwa kuunga plaiwudi mbili mimi sihangaiki na hesabu hiyo: nazilaza sambamba, naacha pengo la milimita 10, nazibana kwa klampu, kisha napitisha kisu cha 12 katikati mara moja. Kinakula milimita moja kila upande. Hata ubao wa kuongozea ukiwa umepinda kidogo, kingo zote mbili hufuata mpindo uleule, kwa hiyo zinakutana. Usiizungushe tu ruta njiani. Visu vingi havijakaa katikati ya kitako sawasawa, kwa hiyo umbali hubadilika.