Mgongo haujapona, bosi anataka urudi kubeba

Pole sana, kaka. Umeumia mgongo ukishusha marobota ya tumbaku hapo Tabora, daktari kakupa mapumziko, na sasa bosi anasema usiporudi Jumatatu kazi huna. Usirudi kubeba. Nimesimamia watu wa ghalani miaka mingi. Anayewahi kurudi ndiye anayeumia tena, na safari hiyo vibaya zaidi.

Nenda hospitali ya Kitete, umwombe daktari aandike wazi: usinyanyue nini, unaweza kazi gani, mpaka lini. Karatasi ya "apumzike" tu, bosi anaizungusha anavyotaka. Mpelekee nakala, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Halafu pendekeza mwenyewe kazi nyepesi, mathalani kuandika uzito pale mizani. Wengi hukubali, maana na wao hawapendi kesi.

Muulize bosi pia kama ajali imeripotiwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa mfuko ule analipa mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Ila dai lisivuke miezi 12. Akikufukuza, peleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30.

Miguu ikianza kufa ganzi au mkojo ukagoma, hospitali saa hiyohiyo, usingoje kuche.