Kompyuta inakudanganya tarehe? Muulize kwanza anayeikalia

Juzi dada mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, ana duka la vinywaji vya jumla, kanitumia meseji saa tatu usiku: "kaka fundi kompyuta yangu kila jioni inaruka siku, mauzo ya leo yanaandikwa kesho, nimechoka." Mi bila hata kufikiria nikamjibu betri hiyo dada, nunua CR2032, ile ya duara kama sarafu, utakuja kunishukuru. Akanunua. Jioni ikaruka. Nikamwambia hiyo feki, nunua nyingine. Akanunua, ikaruka tena.

Nitarudi kwake, ila kwanza niwaambie kwa nini mi nikisikia tarehe mbovu akili inakimbilia betri.

Naanza hii kazi nilikuwa na mteja Kirumba, mzee wa dagaa, ofisi yake hatua chache toka soko la Mwaloni. Kwangu alikuwa mteja mkubwa maana ana kompyuta tatu na analipa siku hiyohiyo. Jumatatu moja kanipigia anafoka, mauzo ya asubuhi hayaonekani kwenye ripoti, imeili nayo haifunguki, browza inasema tovuti si salama. Nikachungulia harakaharaka nikasema virusi. Nikahamisha data, nikapiga Windows upya, nikaweka tarehe sawa, elfu sitini, nikatoka pale natembea kama daktari bingwa.

Jumatatu iliyofuata yaleyale, na safari hii mzee alishambana binti wa keshia kwamba hela kala yeye. Hela ilikuwepo jamani! Mauzo yalikuwa yamelala Januari 2012 na ripoti ilikuwa inatafuta ya wiki hiyo, itayaona wapi? Akaitwa fundi mwingine, akafungua kava, akachomoa betri, akaweka mpya ya elfu mbili, kwisha habari. Binti alipoulizwa ndo akasema kila Jumatatu inawaka na skrini nyeusi inayomwambia abonyeze F1, anabonyeza, kazi inaendelea. Hiyo skrini ndo betri ilikuwa inalia, ila mi sikuwahi kumuuliza. Nilimwambia sogea mdogo wangu nifanye kazi. Mzee hakunitukana, alisema tu "kijana, elfu sitini?" na mpaka leo tukikutana anaangalia ziwa.

Iko hivi. Saa ya kompyuta inaishi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, desktopu ikiwa imechomekwa ukutani inajishikiza kwenye umeme huo hata ukiwa umeizima, ila ukizima swichi ya ukutani betri ndo inabeba mzigo peke yake. Mzee alikuwa mkali wa luku, Jumamosi mchana anazima swichi zote mwenyewe kwa mkono wake. Betri iliyochoka inavumilia usiku mmoja, mpaka Jumatatu haifiki. Na browza kukataa tovuti wala sio virusi, cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta iliyoko 2012 inaona cheti hata hakijaanza kazi.

Kwa hiyo nyie wenye biashara zenu na vijana mnaotaka ufundi, mnisikie. Tarehe ikirudi nyuma miaka, betri. Ukiwa na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ipime, mpya inasoma volti 3 na kidogo. Ukishabadilisha weka tarehe kwa mkono KWANZA, ndo uibonyeze ijisinki na intaneti, yaani ichukue saa sahihi toka huko, maana Windows ya kawaida ikiona tofauti imezidi saa 15 inagoma kusahihisha (bando langu liliishia hapo siku moja nabonyeza tu kama chizi). Hakikisha ukanda wa saa ni UTC+3, Nairobi, ndo saa yetu ya Afrika Mashariki. Na kabla hujagusa chochote kopi data zako pembeni, halafu katafute mauzo kwenye ule mwaka wa uongo kabla hujamuita mtoto wa watu mwizi. Hili la mwisho nalirudia kwa sababu limeniuma: usimuite mtu mwizi wakati hujaangalia tarehe. Tumekuwa wepesi mno wa kutuhumu, na sisi mafundi tumekuwa wepesi mno wa kupiga Windows, tunapenda pesa ya haraka, kuuliza swali moja tunaona tutaonekana hatujui.

Haya, Igoma. Jumamosi nikapanda daladala mwenyewe nikaenda. Kompyuta nzima kabisa, mwaka sahihi, mwezi sahihi, saa tu iko mbele masaa sita kamili, wala dakika haijapungua. Betri haiwezi kukosea kwa nidhamu hivyo. Na ile ya kujiseti yenyewe imezimwa. Nikamgeukia kijana anayekaa kaunta, mdogo wangu, hii saa kuna mtu aligusa?

"Mimi hapo kaka," akasema, tena anajivunia. "Ilikuwa inasema saa mbili wakati ni saa nane mchana, nikairekebisha."

Aisee. Ilikuwa imeandika 2:00 PM, iko sawa kabisa, yeye akaipeleka 8:00 PM ifanane na saa nane ya kwetu. Kwa hiyo kila ikigonga saa kumi na mbili jioni huku Igoma, mle ndani ni usiku wa manane, siku inaruka, na kreti zote zinazouzwa jioni zinaandikwa za kesho.

Dada alicheka mpaka akakaa kwenye kreti. Alipomaliza akafungua droo ya pesa, akatoa ile betri ya kwanza niliyosema ni feki, akaiweka mezani mbele yangu.

"Na hii kaka fundi, elfu mbili yangu narudishiwa na nani?"

Nikamrudishia. Na ya soda akanikata.