Mzee wa miaka 68 kuharisha damu: mtindi unatosha?

Pole sana ndugu kwa kuuguza mzee. Umesema anaharisha damu miezi sasa, kila akienda anaambiwa ni amiba anapewa Flagyl (antibayotiki), juzi kipimo cha kamera ya utumbo kikaonyesha vidonda kwenye utumbo mpana, ulcerative colitis, na unauliza kama mtindi utamponya. Mtindi hautamponya, ila kama tumbo linaukubali mpe tu, ni chakula kizuri.

Watu wengi wanadhani huu ni ugonjwa wa vijana lakini unaweza kuanza hata baada ya miaka 60. Utumboni kuna bakteria kibao wanaotusaidia, kwa wagonjwa hawa mchanganyiko wao huwa umevurugika na kinga ya mwili inashambulia ukuta wa utumbo, sasa kila dozi ya antibayotiki inafyeka na wale wazuri, ndo anapata nafasi bakteria anaitwa Clostridioides difficile, huyu kwa wazee ni hatari kweli na dalili zake zinafanana na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kabla hajaanzishiwa prednisolone (dawa ya steroidi ya kutuliza kinga) mwombe daktari apime choo kwa huyo bakteria NA amiba, maana steroidi juu ya amiba inaweza kutoboa utumbo, na uliza majibu ya kinyama walichokata utumboni kwa kipimo yamesemaje.

Halafu diclofenac, dawa za maumivu ya magoti anazomeza, mwambie daktari, zinaweza kuchochea vidonda. Sukari na presha zifuatiliwe akiwa kwenye steroidi. Akianza homa, tumbo kujaa au kizunguzungu msisubiri kliniki, mpelekeni emajensi hapo hapo.